Bitana ya Kombati

Mliniacha Jumatano iliyopita nimesimama karibu na geti, sahani ya maharage mkononi, natetemeka. Maharage yameshapoa. Mimi bado natetemeka.

Kwa wewe uliyefungia chapati gazeti la wiki iliyopita, nakukumbusha upesi.

Mimi ni Bienvenu, Mkongomani wa Uvira. Nina diploma ya ualimu, na hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kazi yake ni kuziba tundu la ukuta. Nyumba yangu iko Juru, humo humo Nakivale. Mkate wangu uko mjini Mbarara, kibanda cha ushonaji mbele ya kambi moja ya jeshi ambayo jina lake nimelimeza na sitalitapika. Wiki nzima nalala kibandani, Jumamosi narudi kwa mke.

Mwaka huu kambi ikabandika amri ya mavazi. Askari anayekuja kazini kwa pikipiki, kombati yake isionekane barabarani. Avae koti la kiraia juu yake, rangi moja, zipu mpaka shingoni, mikono mpaka kwenye kiganja. Bereti ikae mfukoni, kichwani helmeti. Ukifika getini kombati imechungulia hata kidole kimoja, acha pikipiki, zunguka uwanja mbio mara kumi.

Wakanunua makoti ya sokoni. Ukishika usukani koti la sokoni linapanda, kombati inachungulia. Jamani, watu walikimbia! Mpaka mbwa wa kambi wakawaonea huruma.

Mimi nikaona njia. Nikashona makoti ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, nikaweka kikwapa, kile kipande cha pembe nne chini ya mkono. Ukinyoosha mkono, koti halipandi. Shitingi peke yake inakutoa jasho kama muhogo kwenye sufuria, kwa hiyo ndani nikaweka bitana. Na bitana ilitoka kwa Koplo Swalik, mpangaji wa mtaa wa Ruti, mtu wa pikipiki kila siku, aliyeniletea kombati zake kuukuu ambazo kwa sheria zilitakiwa kurudi stoo.

Bitana ya kombati ndani ya koti la askari ina kosa gani? Ndani yake kuna askari.

Kosa nililifanya mimi. Kitambaa kilibaki, nikamshonea Parfait, mdogo wa mke wangu, dereva wa boda mwenye kifua kibovu. Nikamvalisha mwenyewe, nikamwambia, "Shemeji, inje uko mukimbizi, ndani uko jenerali."

Tulicheka sana. Siku ya tano jua likawaka, na Parfait akafungua zipu mbele ya kizuizi cha barabara.

Raia kukutwa na nguo ya jeshi, si jambo la kuomba radhi ukaenda. Wakamuuliza nani alishona. Akasema amenunua sokoni. Siku tatu wakamuuliza kwa mikono. Na kesi nzima ikabaki kwenye neno moja: aliyeshona ndiye ataingia ndani.

Basi nimesimama na sahani, na mke wangu Yvette amesimama mbele yangu. Alikuwa ametoka Juru alfajiri na hicho chakula cha ndugu yake.

"Ingia useme ni weye," akaniambia.

"Nikisema ni miye, utakuwa na ndugu inje, bwana ndani."

"Ndugu yangu iko na miaka makumi mbili na tatu. Weye ulishakula maisha yako."

"Nilikuwa nimebakisha kidogo, ya kesho."

Hakucheka. Ndoa yetu ina miaka kumi na tisa, na huyo mwanamke amewahi kunicheka hata msibani. Siku hiyo hakucheka.

Kabla sijapata neno lingine, geti likafunguka. Akatoka Kapteni Zuhurah, mwanamke mfupi, mkavu, ndiye mkuu wa nidhamu hapo. Nyuma yake Koplo Swalik, na mkononi mwa Swalik lile koti.

Kibanda changu kiko hatua mbili tu kutoka getini; Yvette akashika kitambaa mezani kwangu akajifanya mteja.

"Mzee fundi, jambo."

"Jambo, afande."

"Nyinyi mafundi mnajua mkono ya mwenzenu. Tazama. Nani alishona hii kitu?"

Nikalipokea. Nikaligeuza, nikavaa miwani, nikavua miwani. Nikanusa. Sijui kwa nini nilinusa.

"Ni kazi ya fundi," nikasema.

"Mimi sikufikiria ni kazi ya mbuzi. Hii kitu ya kwapa iko sawasawa na ile uliwekea askari yangu. Ni wewe?"

Nyuma yake Swalik alikuwa amekauka, jicho moja linaniambia tafadhali, la pili linaniambia nitakuua.

Wasomaji, msinihukumu bado. Subirini nimalize, mtanihukumu vizuri.

"Si mimi, afande. Kikwapa hiki nilifundishwa. Aliyenifundisha ndiye anashona hivi."

"Jina?"

Jina lilikuwepo mdomoni tayari, kama pini. Apollinarie. Wote tunamwita Mama Eliane. Mjane wa Juru, fundi kuliko sisi wote, na wiki ile ile alikuwa amepanda basi la kwenda Kampala, na kutoka Kampala avio, yaani ndege, na avio inampeleka ng'ambo kwa kabisa, yeye na watoto wake. Miaka tisa alingoja ile safari. Tulimwimbia, akagawa masufuria, Yvette alipewa kubwa.

Hesabu yangu ilikuwa hii: mtu aliyekwisha kwenda hafungwi. Nitamtaja, watamtafuta, watakuta nyumba tupu, kesi itakufa. Nani ataumia? Hakuna. Niliona kama nimepata akili kutoka mbinguni.

"Apollinarie," nikasema. "Wa Juru. Lakini amesafiri, afande. Ameenda kabisa."

"Ameenda wapi?"

"Ulaya huko. Kwenye barafu."

Kapteni akaandika. "Na hii kombati alitoa wapi?"

"Hiyo sijui."

Swalik akapumua mpaka nikasikia harufu ya kifungua kinywa chake.

"Kale, sawa," akasema Kapteni. "Kama fundi ameenda, huyu kijana alinunua tu. Tutampa onyo, atatoka kesho. Lakini mzee, mimi napima maneno. Nitapiga simu Juru."

"Piga, afande," nikamwambia, na kifua mbele. "Piga hata sasa."

Walipoondoka Yvette akaweka kitambaa chini.

"Mama Eliane?"

"Ameenda, Yvette. Iko mu avio. Banaweza kumufanya nini, kumukimbiza mu mawingu?"

Akafikiri. Halafu, polepole, akacheka. Na mimi nikacheka. Tulicheka wawili pale mbele ya kambi kama watu walioiba mbuzi na mwenye mbuzi amelala.

Jumamosi mimi na Yvette tulipofika nyumbani Juru, Parfait alikuwa ametutangulia, amekaa kwenye kiti changu. Jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe. Meno mawili ya mbele hayapo. Yvette alipika ugali na samaki wa ziwa, akamchambulia miiba kama mtoto.

"Shemeji," nikamwambia, "sasa ukipiga filimbi itatoka muziki ya ajabu."

Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja. "Sikukutaja, shemeji. Hata siku moja."

"Najua."

"Kila asubui banaleta ile koti, banauliza nani. Miye nasema sokoni. Banapiga. Nasema sokoni." Akameza tonge. "Nilisema, muzee akiingia humu, atakufa. Miye niko kijana."

Nikatafuta mzaha. Sikupata hata mmoja, na mimi si mtu wa kukosa.

Halafu akasema, mdomo bado una ugali, "Kitu moja sikuelewa. Leo nikitoka, banamwingiza Mama Eliane."

Mwiko wa Yvette ukasimama.

"Mama Eliane gani?" nikauliza.

"Kuko bangapi? Wa hapa. Fundi."

"Mama Eliane iko mu avio."

"Avio gani? Safari balisogeza mpaka Alhamisi. Balibarudisha Juru jana. Nyumba yabo ilishapewa batu bengine, banalala mu kanisa na batoto. Askari bamekuya kumutoa pale pale, mbele ya batoto. Eliane alikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye soko."

Kuku akaingia, akala ugali wa Parfait kwenye sahani, na hakuna aliyemfukuza.

"Alilia sana," akaendelea. "Anasema Alhamisi ikipita, basi. Faili inafungwa. Miaka tisa." Akanitazama kwa lile jicho moja zima. "Banasema kuko muntu alimutaja."

"Watu wana midomo," nikasema.

"Shemeji. Ulibaambia nini juu ya nitoke?"

"Nilisema kitu cha kukutoa."

"Kitu gani?"

Yvette ndiye aliyejibu. "Alisema ni Mama Eliane alishona."

Parfait aliutoa ule ugali mdomoni, akauweka pembeni ya sahani, taratibu, kama mtu anarudisha kitu cha watu.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu bananipiga, sikusema jina. Weye balikupiga kofi ngapi?"

Nikaanza kutafuta miiba kwenye samaki wangu.

"Ngapi, shemeji?"

"Hata moja."

Akasimama. Akatoka nje na jicho lake moja na meno yake pungufu, akaenda kulala kwa jirani. Mpaka leo ninapoandika hajalala tena chini ya bati langu.

Yvette akaniambia, "Jumatatu unaenda kusema ukweli."

"Jumatatu naenda," nikasema.

Angalieni vizuri nilivyojibu.

Hata kuamua kwenda sikuamua mimi. Jumatatu saa tatu Swalik alikuja kibandani, amefunga koti langu mpaka shingoni, helmeti bado kichwani.

"Kapteni anakuita. Ile mama anakataa."

"Koplo, nataka kusema ukweli."

Akavua helmeti. Sura ya mtu ambaye hajalala.

"Sikia, mzee. Ukisema ni wewe, watauliza kombati ulipata wapi. Ukisema ni Swalik, mimi naenda jela ya jeshi na bibi yangu Safinah anazaa mwezi ujao. Basi na mimi nitasema uliiba kwa kamba ya nguo wakati ilikuwa inakauka. Watasikia nani? Koplo ama mkimbizi?"

"Na Mama Eliane?"

"Huyo si mama yangu." Akavaa helmeti. "Twende."

Ofisi ya nidhamu ni chumba kidogo nyuma ya geti. Nje, kwenye waya wa uzio, Eliane alikuwa amesimama, miaka kumi na minne, ana begi la shule mgongoni, na ndani ya begi, aliniambia bila kuulizwa, kuna karatasi zote za safari.

"Papa Bienvenu! Asante kukuya. Mama alisema utakuya."

Nikamshika kichwa, nikaingia.

Apollinarie alikuwa kwenye benchi, kitenge kile kile alichoagana nacho. Aliponiona akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu! Mungu iko mukubwa. Afande, huyu ndiye nilikuambia! Huyu anajua mukono yangu, ni miye nilimufundisha kushona. Mwalimu, baambie. Ile koti siijue. Niko na safari Alhamisi, batoto banalala mu kanisa. Baambie tu."

Kapteni Zuhurah alikuwa amekaa, miguu imenyooka chini ya meza.

"Mama," akasema, "huyu ndiye alitaja wewe."

Apollinarie akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti.

"Hapana, afande. Hamumujue. Huyu muzee anachekeshaka batu. Hata ku kilio anachekesha."

"Mzee, rudia mbele yake."

Wasomaji, nilikuwa nimekuja na ukweli. Nauapia. Ulikuwa hapa kooni. Lakini mlangoni kulikuwa na Swalik, na nyuma ya Swalik niliona korido, na mwisho wa korido mlango wa chuma, na nikakumbuka meno ya Parfait.

"Ni yeye," nikasema.

Mikono yake miwili ilikuwa bado imenishika. Haikuniachia mara moja. Ndiyo iliyoniuma: ilichelewa kuelewa.

"Rudia," akasema. Si Kapteni. Yeye. "Sikusikia muzuri."

"Ni weye, Mama Eliane."

Akaniachia. Akarudi kwenye benchi, akakaa, akatengeneza kitenge magotini.

"Ulifika Juru na diploma," akasema, kama anamwambia mtu wa pembeni. "Hata sindano haukujua kutia uzi. Miaka mbili nilikupa mashini yangu asubui, miye nashona jioni, macho yangu inakufa na giza. Sikukuomba hata sabuni."

"Basi, maneno imetosha," akasema Kapteni. "Watu wawili wanashona namna moja, kila mtu anasema si mimi. Leta mashini mbili. Mtashona mkono moja ya koti, na ile kitu ya kwapa. Mimi nitaangalia na macho yangu."

Wakaleta yangu kutoka kibandani na nyingine ya stoo. Wakatuweka bega kwa bega. Mara ya mwisho tulikaa hivyo alikuwa ananifundisha kikwapa hicho hicho.

Hesabu ikaanza tena kichwani, maana kichwa changu hakijifunzi. Mkono unaofanana na koti ndio unaofungwa. Basi mimi nishone usifanane.

Nikalegeza uzi. Nikapindisha mshono. Kikwapa nikakiweka kichwa chini miguu juu. Nilishona kama mtu amelewa na anakimbizwa.

Pembeni yangu mashini yake ilikuwa inaimba sauti moja tu. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Na yeye angeweza kuharibu. Ilikuwa rahisi. Kuharibu tu, uzi kidogo huku, pembe kidogo kule, na angepanda avio. Lakini huyo mwanamke hakujua kushona vibaya. Mikono yake haikuwa na hiyo njia.

Akatupa jicho kwenye kitambaa changu. Akanong'ona, bila hasira, kwa mazoea tu:

"Kaza uzi, Mwalimu. Unaharibu."

Sikukaza.

Kapteni akaweka vitu vitatu mezani: koti, mkono wa Apollinarie, mkono wangu. Akashika koti na kazi ya Apollinarie, akageuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Alichukua muda wake.

"Mama," akasema, "hii na hii ni moja."

Apollinarie hakulia. Aliuliza tu, "Afande, nani atamuambia mutoto wangu pale inje?"

Kapteni akanyanyua kazi yangu kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. Kikwapa kikaning'inia. Askari wakaangua kicheko. Swalik alicheka kuliko wote, mpaka akashika ukuta. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao, maana nilijua nimepona.

Kapteni naye alicheka. Halafu akawa wa kwanza kunyamaza.

Akakitazama kile kitambaa. Akanitazama mimi. Akasimama, akaweka buti yake juu ya kiti, akavuta mguu wa suruali nje ya buti, akaugeuza upindo.

"Hii suruali ulinikatia mwezi wa tatu," akasema. "Nimepanda nayo pikipiki kila siku, mvua, vumbi, matope. Uzi hata moja haijatoka."

Akachukua ule mkono wangu uliopinda, akauweka kando ya upindo wake, akaulinganisha polepole mbele ya macho yangu.

"Sasa niambie, mzee. Huu mkono yako ilikufa lini?"